Diski kubwa, grenda ndogo: kwa nini msumeno huumiza zaidi panapobomolewa

Fundi anayejenga anaijua mbao anayoikata. Kainunua jana, kaipima leo, kaiweka juu ya benchi na kuipigia mstari wa penseli. Anayebomoa hana nafasi hiyo. Mbao yake ni ya miaka mingi, imefichwa nyuma ya dari, ina misumari asiyoiona, na bado iko kazini: imebeba bati, au imekalia ukuta ambao mwenzake ameanza kuupiga nyundo asubuhi hiyo hiyo. Msumeno ni uleule, mikono ni ileile, lakini kazi imebadilika kabisa. Ndipo vidole vinapokwenda, na mapaja, na wakati mwingine macho na shingo.

Naandika haya kwa sababu maelezo yanayotolewa baada ya ajali za namna hii karibu kila mara huwa mamoja: kijana alikuwa mzembe. Wazembe wapo, sikatai. Lakini ukiichunguza mashine yenyewe, diski yenyewe, jinsi mzigo unavyokaa ndani ya boriti na jinsi malipo yanavyopangwa, utaona ajali nyingi zimekwisha kuandaliwa kabla kijana hajabonyeza swichi.

Tuanze na pesa, maana ndiyo inayoamua nani ashike msumeno na akate nini. Dar es Salaam, katika mitaa kama ya Kariakoo, Ilala na Magomeni ambako nyumba za zamani zimekuwa zikipisha maghorofa, ubomoaji mdogo mara nyingi ni biashara ya vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Mbomoaji hulipwa kidogo, au halipwi, au yeye ndiye anayemlipa mwenye nyumba. Faida yake ni mabati, milango, fremu za mninga, grili za madirisha, matofali mazima, na nondo za kupeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Angeleta kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbua, kingeangusha nyumba nzima kwa siku moja, lakini kingevunja na mbao na kupinda kila kitu. Kwa hiyo nyumba inachambuliwa kwa mikono, kipande kwa kipande, na chombo kinachookoa mali bila kuivunja ni msumeno: grenda, ile mashine ya mkononi ya kusagia na kukatia, kwa vyuma, msumeno wa diski kwa mbao, na pengine chenso, yaani msumeno wa mnyororo, kwa maboriti mazito. Vijana wanaolipwa kwa kazi, si kwa siku, wanajua kwamba kila dakika ya kutafuta kabari au kubadilisha diski inatoka mfukoni mwao.

Sasa twende kwenye msumeno. Kuna jambo moja la kuelewa kuhusu mbao iliyobeba mzigo, na ukilielewa hilo umeelewa nusu ya ajali zote. Chukua boriti iliyokalia kuta mbili, moja kila upande. Uzito wake, pamoja na uzito wa vilivyo juu yake, unaivuta katikati iiname. Sehemu ya juu ya boriti inabanwa. Sehemu ya chini inanyooshwa. Ukianza kuikata kutoka juu, kadiri unavyozama ndivyo boriti inavyozidi kuinama, na ule mkato unajifunga. Unaibana diski pande zote mbili. Lakini boriti iliyoshikwa upande mmoja tu, upande wa pili ukining'inia, hufanya kinyume chake: mkato wa juu unafunguka, na kipande kinaondoka ghafla kabla hujamaliza kukata. Fundi mzoefu hujua hili hata kama hajawahi kulisoma popote. Shida ya ubomoaji ni kwamba boriti hubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine wakati kazi inaendelea. Saa tatu asubuhi ilikuwa imekalia kuta mbili. Saa tano ukuta mmoja umeondolewa, na aliyeko juu hakuambiwa.

Diski ikibanwa, mota haijui. Inaendelea kusukuma. Kwa kuwa diski imekataa kuzunguka, nguvu ile inahamia kwenye mwili wa mashine, na mashine yote inarushwa. Msumeno wa diski wa kawaida, wenye kipenyo cha milimita 185 na mizunguko 5,500 kwa dakika, meno yake yanakwenda karibu mita 53 kwa sekunde, yaani kama kilomita 190 kwa saa. Ukibanwa, huruka nyuma na juu kumfuata aliyeushika, ndiyo maana majeraha yake mengi hupatikana kwenye paja, kinena na mkono wa kushoto uliokuwa umeishika mbao. Grenda na misumeno ya kukatia zege huwa na tabia nyingine ya kutisha: robo ya diski iliyo juu, upande wa mbele, ikigusa kitu kigumu, mashine hujirusha kuelekea usoni.

Watu husema, "Mimi nina nguvu, naweza kuishikilia." Suala si nguvu. Binadamu mwepesi anahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde tangu aone au ahisi jambo hadi misuli ianze kuitikia. Diski ya grenda ndogo inayozunguka mara 11,000 kwa dakika huzunguka mara 36 katika muda huo. Ubongo unapotuma ujumbe, mashine imekwisha fika ilikokuwa inakwenda. Kwa hiyo kinachomwokoa mtu ni alikosimama kabla, si anachofanya baadaye: asimame pembeni ya mstari wa diski, kamwe asiwe nyuma yake, mikono miwili kwenye mashine, mashine isipande juu ya mabega.

Dawa ya mkato unaojifunga ni ya kizamani na haina gharama. Kabari. Vipande viwili vya mbao ngumu vilivyochongwa kwa shoka, unavigonga ndani ya mkato mara unapokuwa na kina cha kutosha, na mkato hauwezi tena kufunga. Na dawa kubwa kuliko hiyo ni kutokata juu kabisa. Kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, ifunguliwe kwenye maungio, misumari ing'olewe kwa mtaimbo, iteremshwe nzima kwa kamba, kisha ikatwe chini juu ya magogo mawili, kipande cha kuanguka kikiachwa nje ya magogo. Inachukua muda zaidi. Lakini kukata mbao ukiwa umesimama juu ya ukuta wa inchi sita, mkono mmoja umeshika grenda na mwingine umeshika ile ile mbao unayoikata, ni jambo ambalo hakuna ustadi unaoweza kulifanya liwe salama.

Tumefika kwenye grenda, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo mashine inayobebeshwa kila kazi kwenye saiti zetu.

Chukua diski mbili uzisome. Usisikie nilichosema mimi. Soma karatasi iliyogandishwa juu ya diski. Ile ndogo ya milimita 115 imeandikwa 13,300. Ile kubwa ya milimita 230, tunayoiita ya inchi tisa, imeandikwa 6,650. Hizo ni namba za mizunguko kwa dakika ambayo diski haitakiwi kuvuka. Juu ya zote mbili utaona pia namba 80, yaani mita 80 kwa sekunde, mwendo wa ukingo wa diski. Ni mwendo mmoja: diski kubwa ina njia ndefu zaidi ya kuzunguka, kwa hiyo inaruhusiwa mizunguko michache zaidi. Sasa tazama tundu la katikati. Diski zote mbili zina tundu la milimita 22. Hapo ndipo balaa linapozaliwa, kwa sababu diski ya inchi tisa inaingia bila tatizo kwenye shina la grenda ndogo. Kinachoizuia ni kava tu, ile kinga ya bati inayofunika nusu ya diski. Ukiitoa kava, inaenea.

Grenda ndogo inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukiifunga diski ya milimita 230, ukingo wake unafika mita 132 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Na nguvu inayoivuta diski ijipasue kutoka katikati haiongezeki sambamba na mwendo. Inaongezeka kwa mraba wake. Hesabu inatoa karibu mara 2.7 ya nguvu ambayo diski ilitengenezewa. Kiwanda huacha akiba, ndiyo maana watu hufanya hivyo leo na kesho bila kudhurika na kudhani ni salama. Akiba ile iliwekwa kwa ajili ya diski iliyogongwa kidogo, iliyopinda kidogo, iliyoguswa na unyevu. Ukishaitumia yote kwenye mwendo, haibaki kitu cha kukusamehe siku diski inapobanwa na nondo. Inapasuka vipande vitatu au vinne, na kava iliyotakiwa kuvizuia umeiacha nyumbani.

Nimesikia mafundi wakijibu kwamba wao hawafungi diski mpya ya inchi tisa, hufunga iliyokwisha kulika ambayo kwenye grenda kubwa imekuwa fupi mno haikifikii tena kinachokatwa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Diski ikilika hadi milimita 150, kwenye grenda ndogo ukingo wake unakwenda mita 86 kwa sekunde. Bado umevuka 80, ingawa si sana. Tatizo ni kwamba kava ya grenda ndogo bado haiikubali, na diski iliyofika hapo imekwisha kupigwa, kuinamishwa na kutupwa kwenye ndoo yenye nyundo na misumari. Diski hizi ni mchanga mgumu ulioshikwa na gundi na nyuzi za kioo. Zinazeeka. Kwenye pete ya chuma ya katikati kuna mwezi na mwaka umegongwa, ambao baada yake haitakiwi kutumika; kwa kawaida ni miaka mitatu tangu kutengenezwa. Iliyolala kwenye unyevu huweza kuharibika hata kabla ya hapo, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima.

Baya kuliko diski kubwa ni kufunga kisu cha mbao chenye meno kwenye grenda. Kisu hicho huuma mbao na kukwama pale ambapo diski ya kusaga ingeteleza, na grenda haina bati la kukalia juu ya mbao wala kinga inayojifunga yenyewe kama ya msumeno wa diski. Kwenye mbao ya kubomolewa, yenye msumari wa inchi nne ndani yake, jino linakutana na chuma, na grenda inachomoka mkononi. Kama swichi yake ni ile ya kusukuma na kujifunga, inaendelea kuzunguka ikiwa sakafuni, ikitambaa. Anayenunua grenda kwa ajili ya vibarua wake aulize ile yenye swichi ya kubana, inayozima ukiiachia. Hilo peke yake lingeokoa miguu mingi.

Nondo nazo zina ujanja wao. Ndani ya zege, nondo ya chini ya lenta (boriti ya zege juu ya mlango au dirisha) au mkanda (zege linalozunguka juu ya kuta) huwa imevutwa, na ukiikata huachia nguvu hiyo mara moja. Wakati mwingine nondo mbili zilizobaki ndizo zinazolishikilia bamba zima la zege lililokwisha kupasuka, na kijana aliyeko chini anazikata kwa sababu ndizo zenye bei. Hapa msumeno ndio unaoanza, ingawa anayeua ni zege. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, umeweka kifungu kizima, cha 24, kuhusu ubomoaji, na unachodai ni kitu rahisi: kazi ipangwe kabla, na isimamiwe na mtu mwenye uwezo. Mtu anayeweza kuangalia nguzo na kusema hii imebeba ile, usiiguse bado. Anayejua pia kwamba umeme umekatwa na shirika lenyewe kule nje kwenye nguzo, maana kuzima swichi kuu ndani ya nyumba hakuugusi waya unaoingia.

Kuhusu vifaa vya kujikinga nitasema kwa kifupi, kwa sababu vinapewa sifa kupita uwezo wake. Fulana ya kung'aa inakufanya uonekane, basi. Kofia ngumu inakulinda na tofali linaloanguka, haikulindi na diski inayokuja usoni. Kwa hiyo miwani ya kazi, na juu yake ngao ya uso. Viatu vigumu badala ya ndala. Glavu ziwe za ngozi na zikae vizuri mkononi. Zile za pamba zinazoning'inia nyuzi huweza kunaswa na kuuvuta mkono ndani, sawa na mikono mirefu ya shati na kamba za kitambulisho. Vifaa vyote hivi vinakuja baada ya kava, diski sahihi na mpangilio wa kazi. Mwajiri anayegawa fulana na kuacha grenda bila kava hajamlinda mtu.

Na vumbi. Zege na tofali vikikatwa vikavu hutoa vumbi la silika, jembamba kiasi kwamba linafika mwisho wa mapafu na kukaa huko. Tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka silika hiyo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Maji yanayotiririka kwenye mkato hupunguza vumbi hilo sana, ila yawe kwenye mashine iliyotengenezwa kwa maji, si grenda ya umeme ya kawaida. Paa la karatasi za asbesto lisikatwe kwa msumeno wowote, kwa vyovyote vile.

Ajali ikitokea, dakika za kwanza ni za walio karibu, si za daktari. Zimeni mashine. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu na usiachie ili "uangalie kama damu imeacha". Kila ukiachia unaanza upya. Damu ikiruka na mgandamizo ukashindwa, funga juu ya jeraha, kati yake na moyo, kitambaa kipana kama vidole vitatu, usifunge kwenye kiungo, kaza kwa kijiti hadi damu isimame, na uandike saa mliyofunga. Waya au kamba nyembamba hukata nyama. Kipande cha diski kilichozama mwilini kiacheni hapo hapo. Huenda ndicho kilichoziba mshipa. Mafuta ya taa, majani ya chai, udongo na sukari havina kazi kwenye jeraha hilo zaidi ya kumpa mpasuaji shida ya kulisafisha.

Kidole kilichokatika kitafutwe. Kifungwe kwenye kitambaa safi kilicholowanishwa maji safi kidogo, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, na mfuko huo uwekwe kwenye chombo chenye maji na barafu. Kisigusane na barafu yenyewe, maana huungua kwa baridi, na kisitiwe spiriti. Kidole bila kupozwa kinaweza kuvumilia kama saa 12, kikipozwa vizuri hata mara mbili ya hapo. Kiganja au mkono, kwa sababu una misuli, hauvumilii bila kupozwa zaidi ya saa sita hivi. Kuunganisha tena ni upasuaji mgumu na hospitali chache zinauweza, lakini si ndoto katika eneo letu. Januari 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, waliunganisha mkono wa kijana wa miaka 17 uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya mifugo. Mkono ule ulifika hospitali. Mingi haifiki, kwa sababu huachwa kwenye kifusi.

Linabaki suala la fidia, na hapa ndipo vibarua wa ubomoaji wanapodhulumiwa kwa utulivu kabisa. Kwenye karatasi, sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wa Mfuko huo unatolewa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Kenya ina sheria zake mbili za mwaka 2007, ya usalama kazini na ile ya fidia ya majeraha ambayo wengi wanaiita WIBA. Hiyo ya pili inamtaka mwajiri awe na bima, aripoti ajali kwa mkurugenzi wa serikali wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na kama mtu amekufa, ndani ya saa 24. Kwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, inataja malipo ya mishahara ya miezi 96.

Tatizo ni kwamba sheria zote hizi zinamtafuta mwajiri, na kwenye nyumba inayobomolewa mwajiri hupotea haraka. Mwenye kiwanja anasema aliuza jengo kwa mnunuzi. Mnunuzi anasema alimpa kazi fundi mkuu. Fundi mkuu naye ni kibarua kama wengine, kawakusanya vijana kijiweni kwa simu, na anawalipa jioni kwa fedha taslimu. Hakuna karatasi. Siku kijana anapopoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, kila mmoja anachangia nauli ya hospitali kwa huruma, na huruma hiyo inageuka kuwa fidia yote atakayoipata.

Kwa hiyo, mwenye kiwanja, kabla hujauza mabati na mbao zako, dai kwa maandishi nani anabomoa, kasajiliwa wapi, na nani anasimamia. Saiti ni yako hadi iwe tupu. Msimamizi, andika majina ya wote kwenye daftari kila asubuhi. Nanyi vijana, pigeni picha: ya kundi zima mkiwa kazini tarehe inaonekana, ya mashine mliyopewa na diski iliyofungwa, ya ujumbe wa simu uliowaita kazini na wa malipo. Mtu akiumia, cheti cha hospitali kiandikwe wazi kwamba jeraha limetokana na kazi, saiti ipi, saa ngapi, na nakala ibaki kwa familia, kwa sababu ofisi ya fidia itaanza na karatasi hiyo.